Mita nne za gari la zimamoto

Nenda popote palipoungua Dar es Salaam. Moshi bado unafuka kwenye mabati, mama mwenye nyumba bado amekaa chini ameshikiliwa na majirani, na tayari utawasikia watu wakisema: "Wamechelewa, halafu wamekuja hawana maji." Nimelisikia hilo Sinza, nimelisikia Tandale, nimelisikia Kariakoo. Linasemwa kwa uchungu wa kweli, na sina nia ya kumnyamazisha mtu aliyepoteza kila alichonacho. Magari ya zimamoto ni machache kwa jiji lenye mamilioni ya watu, na hilo serikali inadaiwa. Lakini kuna deni jingine ambalo ni letu wenyewe na hatulizungumzi: njia ambayo gari hilo lingepita, tumepaki magari yetu.

Tuanze na hayo maji. Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita 5,000 hivi. Mengine hubeba zaidi, mengine pungufu. Mpira mmoja wa kuzimia ukifunguliwa sawasawa unaweza kumwaga lita 400 kwa dakika. Piga hesabu. Kwa mpira mmoja tangi linakwisha baada ya dakika kumi na mbili. Kwa mipira miwili, dakika sita. Gari limetoka kituoni limejaa pomoni, limefanya kazi yake, na sasa ni tupu. Anayefika wakati huo na kuwakuta askari wameshika mpira usiotoa kitu atasema walikuja bila maji, na kesho yake mtaa mzima utasema hivyo.

Kazi ya kuzima moto imepangwa kwa kulijua hilo. Gari la kwanza linapoanza kupiga maji, nyuma yake panatakiwa pawe na boza, au pawe na haidranti, yaani bomba la zimamoto la mtaani, karibu ya kuchotea. Haidranti mitaani kwetu ni chache, na zipo zilizofukiwa na lami au zilizojengewa kibanda juu. Linabaki boza. Na boza lazima lipite palepale lilipopita gari la kwanza, na mara nyingi la kwanza litoke ndipo la pili liingie. Mtaa unaopitisha gari moja kwa kujibanabana hauna nafasi ya mabadilishano hayo. Ndiyo maana unaweza kuliona boza limesimama barabara kuu, limejaa maji, taa zinamulika, na nyumba inateketea mita mia tatu tu kutoka hapo.

Mjumbe wetu wa shina, fundi ujenzi mstaafu, ndiye aliyetutoa kwenye maneno akatupeleka kwenye vipimo. Alikuja kwenye kikao cha mtaa na tepu ya kupimia, akamwambia kijana mmoja ashike ncha ukutani kwa Mama Mkubwa wa duka la nafaka, yeye akavuka hadi ukuta wa pili. Mita 6. Mtaa wetu ni wa kupimwa, tena wa siku nyingi. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wakati Manzese na Mtoni zikiboreshewa makazi yaliyokwishajengwa. Waliopima waliacha barabara za kutosha kwa wakati ule. Wakati ule mtaa mzima ungeweza kuwa na gari moja, la mzee fulani wa bandarini, nalo lililala ndani ya uwanja wake.

Sasa upana wa mita 6 unaonekana mkubwa hadi uweke magari. Bodi la gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5, ongeza saitimira za pande zote mbili, unakaribia mita 3. Toyota IST, gari ambalo ukirusha jiwe Dar huwezi kulikosa, ina upana wa sentimita 169.5. Magari mengi tunayoagiza Japani yako hapohapo, kwa sababu kule gari dogo likizidi mita 1.7 kwa upana linahamia daraja jingine la usajili, hivyo watengenezaji huyabana yasivuke. Paki IST moja upande huu na nyingine upande ule, kila moja ikiwa sentimita ishirini kutoka ukutani. Zimekwenda mita 3.8. Zimebaki mita 2.2. Gari la zimamoto haliingii hapo hata kama dereva wake ni bingwa wa mkoa. Ondoa IST ya upande mmoja tu, zinabaki zaidi ya mita 4, na gari linapita bila kugusa kitu.

Kwenye kikao kile watu wazima walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kubishana kama tepu ni sahihi. Ilipimwa tena.

Mtu mmoja akauliza kwa nini tutake mita 4, mita 3 zisitoshe, maana gari likipenya limepenya. Swali la haki. Jibu liko ubavuni mwa gari lenyewe. Ukisimama karibu nalo utaona makabati yenye milango ya kukunjika kwenda juu, kushoto na kulia. Humo ndimo mlimo mipira, viungio, mashine za kukatia nondo, mitungi ya hewa. Askari anahitaji kusimama pembeni, afungue, avute, ageuke na mzigo. Gari likiwa limebanwa na ukuta huku na Noah kule, makabati yote hayafunguki, na vifaa vilivyokuja navyo havitoki. Ngazi nayo hushushwa kwa kuvutwa kwenda nyuma, kwa hiyo mita kadhaa nyuma ya gari zinatakiwa ziwe wazi. Lile gari la ngazi ndefu, linalotumika kwenye maghorofa kama ya Kariakoo na Upanga, haliwezi hata kuinua ngazi kabla ya kutoa miguu yake ya chuma pembeni na kujiegemeza chini. Miguu hiyo inataka barabara karibu yote.

Nimeona kwa macho yangu gari likishindwa kukata kona. Ilikuwa mtaa wa jirani, chumba cha uani kimeshika moto, watu wanapitishiana ndoo. Gari lilifika mapema kuliko tulivyotarajia. Barabara iliyonyooka lilipita vizuri. Kwenye kona palikuwa na Noah nyeupe imekaa kabisa pembeni, mwenyewe hakuziba barabara kwa namna ambayo ungeweza kumlaumu. Ungesema amepaki kistaarabu. Lakini gari la mita nane likikata kona, mgongo wake haufuati palepale magurudumu ya mbele yalipopita, unakata kwa ndani. Dereva alijaribu, akarudi, akajaribu tena huku askari wawili wamesimama kwenye bampa la ile Noah wakimwelekeza. Vijana wa kijiwe cha bodaboda ndio walioinyanyua Noah kwa mikono, mara ya nyuma, mara ya mbele, hadi ikasogea. Kwenye chumba kile hakufa mtu. Paa la nyumba yote lilikwenda.

Tangu siku ile kona ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi. Kona ndipo penye biashara. Wakala wa fedha yuko konani, genge liko konani, bajaji zinasubiri abiria konani, na fundi wa pikipiki ametandaza spana zake papo hapo. Ukitaka kuokoa mtaa na huna nguvu ya kupambana na kila gari, anza na kona. Acha mita tano kila upande wa kona bila kitu, hata tenga la nyanya.

Halafu kuna mambo ambayo si maegesho lakini ni ndugu zake. Mitaa mingi imeweka chuma cha kukinga juu ya barabara ili malori ya mchanga yasiingie kuvunja njia. Nia ni njema kabisa, barabara tulizichangia wenyewe. Ila chuma hakijui tofauti ya lori la mchanga na gari la zimamoto, ambalo nalo ni refu, linakaribia au kuzidi mita 3 kwenda juu. Mageti ya mtaa yanayofungwa saa nne usiku, funguo anazo mlinzi mmoja, na mlinzi huyo ameenda kunywa chai. Matuta tuliyomwaga wenyewe kwa zege, makali kama ngazi. Na karo za maji taka: mtu amekosa nafasi ndani ya kiwanja, akachimba karo nusu ndani nusu barabarani, akafunika kwa zege jembamba. IST inapita juu yake miaka yote. Gari lenye lita 5,000 za maji linabeba tani tano za maji peke yake, kabla hujahesabu chuma, mashine na watu. Likizama hapo, mtaa mzima umefungwa.

Kikao kilipofika kwenye suala la fremu ndipo joto lilipopanda. Mwenye fremu anaamini kwamba barabara iliyo mbele ya mlango wake ni yake. Ataweka tairi lililojazwa zege, ataweka ndoo yenye nondo, ataandika ukutani kwa rangi nyekundu "USIPAKI HAPA", na jioni atapaki yeye. Mwenye nyumba ya jirani naye anaona kuzibiwa geti ni dharau, na ana haki. Hawa wawili wakigombana kuhusu nani apaki wapi, wote wanazungumza kana kwamba wanagawana kitu cha kwao. Hati yako inaishia kwenye bikoni. Baada ya bikoni ni hifadhi ya barabara, ni ya umma, na ukilipia ada ya maegesho umelipia saa ya kusimama mahali palipotengwa, hukununua ardhi. Nilipenda alivyosema mama mmoja muuza chapati, ambaye hana gari wala fremu: "Nyie mnagombania mahali pa kulala gari. Mimi nalala chumba cha mwisho, huko mwisho wa mtaa. Kukiungua mtanifikiaje?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Katika mpangilio wetu, anayepaki vibaya mwanzoni mwa mtaa si yeye atakayeungua. Ni yule wa chumba cha ndani, mpangaji, mara nyingi mwenye watoto wadogo na dirisha lenye nondo. Gari lako linazuia msaada wa mtu usiyemjua jina.

Tukitoka barabarani tukaingia kwenye maeneo ya watu binafsi, hali ni mbaya zaidi kwa sababu huko hakuna hata wa kukuandikia faini. Kumbi za harusi, nyumba za ibada, maghorofa ya kupangisha, hospitali binafsi, maduka makubwa. Michoro ya majengo hayo hupitia mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kujengwa, na Sheria ya Jeshi hilo ya mwaka 2007 inalipa mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama. Kwenye mchoro utaona njia nzuri inayozunguka jengo. Nenda miaka mitatu baadaye. Upande wa nyuma wa ile njia pamewekwa jenereta, upande wa pili pamejengwa stoo ya viti, na kilichobaki ni maegesho ya wateja. Siku ya harusi mlinzi anapanga magari mstari juu ya mstari, anakuambia uache gia frii na usivute handibreki ili ayasukume wengine wakitaka kutoka. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri kwa mtu mmoja anayewahi nyumbani. Ukumbi ukishika moto, watu mia tano wanatafuta mlango kwa pamoja, hakuna mlinzi atakayebaki anasukuma magari.

Wenzetu walishalitazama hili wakaliandikia kanuni. Kanuni za kimataifa za moto zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani zinataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana usiopungua futi 20, yaani mita 6 na kidogo, iwe wazi kwenda juu futi 13 na nusu, na ilifikishe gari karibu kiasi kwamba hakuna ukuta wa nje wa jengo ulio zaidi ya futi 150 kutoka njiani. Ni kama mita 45, umbali ambao mipira inaweza kuvutwa bila kupoteza muda mwingi. Na jambo ninaloliheshimu kwenye kanuni zile ni kwamba haziishii kwenye geti. Njia iliyo ndani ya maegesho ya duka au nyumba za kupanga ni ya kulindwa vilevile. Mwenye jengo anawajibika kuiwekea alama, sehemu nyingi kwa kupaka kingo rangi nyekundu, na gari litakalosimama hapo linavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Uingereza, sheria ya mwaka 2004 inamruhusu askari wa zimamoto aliye kazini kulisogeza gari lako, hata kulifungua kwa nguvu, bila kukuomba ruhusa.

Najua tofauti ya mitaa yao na yetu. Huwezi kuchukua mita 6 wazi ukazipeleka Manzese au Vingunguti, nyumba zimeshajengwa na watu wanaishi humo. Wala Mji Mkongwe wa Unguja hautapanuliwa kwa ajili ya gari. Huko dawa ni nyingine: haidranti zinazofanya kazi, magari madogo, pikipiki za zimamoto, mipira iliyowekwa kabisa mtaani. Hoja yangu ni kuhusu ile mitaa ambayo nafasi ipo na tumeila kwa kupaki, na hiyo ni mingi.

Kariakoo ni ya kusikitisha zaidi, kwa kuwa kituo cha zimamoto kiko pua na mdomo. Kila mpanda mwendokasi anakijua kituo kinachoitwa Fire, kwenye Barabara ya Morogoro. Ni kwa sababu ya zimamoto. Kutoka hapo hadi sokoni ni mwendo wa miguu. Soko Kuu la Kariakoo, jengo alilolisanifu Beda Amuli na lililozinduliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2021. Miezi sita baadaye, tarehe 16 Januari 2022, likaungua soko la Karume pale Ilala. Sisemi maegesho ndiyo yaliyoyaunguza. Ninachosema ni kwamba ukisimama leo mchana kwenye mtaa wowote wa Kariakoo kati ya Msimbazi na Lumumba, ukatazama mikokoteni, magari ya mizigo yanayoshusha, bajaji, na IST zilizopakiwa pande zote mbili, jiulize gari la mita mbili na nusu lingepita wapi. Machinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara mwishoni mwa 2021, na wengi walishangilia kwamba njia zimefunguka. Sehemu nyingi nafasi ya meza imechukuliwa na gari. Meza ya machinga ilikuwa inabebeka na watu wawili.

Sisi mtaani tuliafikiana mambo machache. Magari yatapakiwa upande wa magharibi tu, kwa sababu upande wa mashariki ndiko kwenye mageti mengi na nguzo za umeme. Kona tatu zimepigwa rangi, na mwenye genge amehamia mbele ya ukuta wa shule ya chekechea, ambako biashara yake, anasema mwenyewe, haijapungua. Kile chuma cha juu kimekatwa upande mmoja na kufungwa kwa mnyororo na kufuli. Askari wa zimamoto aliyekuja kutushauri alisema mnyororo unakatwa kwa sekunde chache, chuma kilichochimbiwa hakikatwi hivyo. Akatuachia ushauri mwingine ambao sikuwahi kuufikiria: ukishapiga 114, ambayo ni bure, mtu mmoja akimbie barabara kuu kulisubiri gari na kuliongoza, na wengine wagonge milango ya wenye magari watoe funguo kabla gari halijafika. Sasa namba za simu za wenye magari wote wa mtaa ziko kwa mjumbe na kwa mlinzi.

Waliopinga wapo. Kaka mmoja mwenye magari matatu alisema hana pa kuyaweka, na ni kweli hana. Amekodi nafasi kwenye uwanja wa kanisa kwa mawili, moja linabaki. Mwenye karo barabarani amepewa muda wa kulijaza na kulihamisha, jambo ambalo litamgharimu, na mtaa umekubali kumchangia mifuko ya saruji. Dada mmoja aliuliza nani atasimamia baada ya mwezi, watu wakishasahau. Mjumbe akasema atasimamia yeye, na akiondoka atamkabidhi mwingine tepu.

Kilichobaki ni ukumbi ulio mwisho wa mtaa. Mwenye ukumbi hakuja kwenye kikao cha kwanza, alikuja cha pili. Alisikiliza hadi mwisho, akatembea na mjumbe kupima njia ya nyuma ya jengo lake, wakakuta mita 3 na nusu baada ya kuondoa jenereta, mita 1 na nusu likiwepo. Ameomba apewe hadi Idi ipite, kwa kuwa harusi za kipindi hicho ameshazichukulia malipo na jenereta halihami bila fundi wa umeme. Tumemkubalia, kwa sharti kwamba kuanzia Jumamosi hii hakuna gari la mgeni litakalopakiwa upande wa mashariki, na mlinzi wake hatalifungia gari lolote nyuma ya jingine.